Nyasi za nyumbani: mpira wa kila jioni ndio unaozichosha

"Shikamoo dada. Nakaa Tabata, mbele ya nyumba tuna nyasi eneo la kama mita kumi kwa sita. Kijana wetu anamwagilia kila siku jioni, hakosi. Lakini nyasi zina madoa ya njano, na zikikaa siku mbili bila maji zinasinyaa kabisa. Bili ya maji nayo imepanda kutoka uniti 18 hadi uniti 31. Mume wangu amesema mwezi ukiisha anang'oa nyasi zote na kuweka vitofali. Mimi sitaki, watoto watacheza wapi? Nisaidie kabla fundi hajaja."

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeona umeunganisha mambo mawili ambayo huenda hayana undugu: bili na nyasi. Tuanze na bili, maana ndiyo inayomleta huyo fundi wa vitofali.

Kesho asubuhi chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya mpira ule ule wa bustani, fungua koki kama kijana anavyofungua, kisha tazama saa. Mipira mingi ya nyumbani, kwa presha yetu ya kawaida, hujaza ndoo hiyo kwa dakika mbili hivi. Tuseme na wako ni hivyo. Maana yake mpira unatoa lita 10 kwa dakika. Kama kijana anamwagilia robo saa kila jioni, ni lita 150 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 4,500. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo nyasi zako zinakunywa uniti nne na nusu kwa mwezi.

Sasa bili imepanda uniti 13. Hizo nyingine nane na nusu zimekwenda wapi? Tena kijana amekuwa akimwagilia tangu zamani, hata bili ilipokuwa 18.

Mimi ningeanza chooni. Ile tangi ya choo cha kuvuta, mpira wake wa chini ukichakaa, maji hupenya kuingia kwenye bakuli taratibu, bila kelele, usiku na mchana. Uniti nane na nusu kwa mwezi ni kama lita 280 kwa siku, na choo kimoja kinachovuja kinaweza kabisa kufikisha kiasi hicho. Weka rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi la choo, msikivute kwa nusu saa, kisha chungulia. Ukiona rangi ndani ya bakuli, mwizi umemshika. Halafu angalia tangi la juu: boya lake likilegea, maji humwagika usiku kupitia bomba la kupunguzia, na kwa kuwa hudondoka nyuma ya nyumba hakuna anayejua. Mwisho fungeni koki zote za nyumba, wala pasiwe na mtu anayechota, mwende kwenye mita. Kama kile kigurudumu kidogo bado kinazunguka, kuna bomba linavuja chini ya ardhi kati ya mita na nyumba. Mara nyingi sehemu hiyo utaijua kwa macho, maana ndipo penye kipande cha nyasi kilichostawi kuliko vyote wakati wa jua kali.

Fanyeni hayo mkiwa wote wawili. Nasema wote wawili kwa sababu mwanamume aliyekwisha tamka neno "vitofali" anahitaji kuiona mita kwa macho yake.

Tukitoka hapo, turudi kwenye nyasi zenyewe, maana hata bili ikishuka, madoa ya njano yatabaki pale pale kama umwagiliaji haujabadilika.

Hesabu ya maji ya bustani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ikimwagwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba, inakuwa na kina cha milimita moja. Ni kipimo kile kile wanachotumia watu wa hali ya hewa wanaposema mvua imenyesha milimita 20. Wewe una mita za mraba 60. Lita 150 ukizigawa kwa 60 unapata milimita mbili na nusu. Hicho ndicho kimvua chako cha kila jioni. Kwenye udongo wa kichanga wa Dar es Salaam, kiasi hicho kinalowesha sentimita mbili au tatu za juu tu, na kesho jua likipanda sehemu hiyo ndiyo inayokauka kwanza.

Mzizi hauendi palipo pakavu. Ukiupa maji juu kila siku, utakaa juu. Baada ya miezi kadhaa unakuwa na nyasi zenye mizizi mifupi kama ya mchicha uliopandwa kwenye kopo, na hapo ndipo siku mbili bila maji zinakuwa msiba. Unachokiona si kiu ya kawaida ya nyasi. Nyasi hizo zimedekezwa. Ukoka ule ule unaosumbua wakulima shambani, ambao ukiung'oa unarudi, ukiupalilia unarudi, na kiangazi kizima hakuna mtu anayeupelekea hata kikombe cha maji, tumeuleta mbele ya nyumba na kuufundisha kusubiri mpira saa 11 jioni.

Kwa hiyo sikuambii uongeze maji. Chukua maji yale yale ya wiki nzima, lita 1,050, uyatoe kwa siku mbili badala ya saba. Tuseme Jumatano na Jumapili. Kila mara ni kama lita 525, karibu milimita tisa, na kwenye mchanga hayo yatashuka kiasi cha sentimita 10. Kwa mpira wako ni dakika 50 na kidogo kwa siku hizo mbili. Si lazima mtu asimame na mpira mkononi muda wote huo. Gawanya eneo mara sita, acha mpira au kile kirushio cha kuzungusha maji sehemu moja dakika tisa, kisha hamisha. Ukitaka kujua kama maji yanasambaa sawa, panga makopo matupu, ya samaki au ya nyanya, sehemu mbalimbali za nyasi, mwagilia, halafu tazama kila kopo limepata maji ya kina gani. Wengi hushangaa. Kona moja ina milimita 15, kona nyingine mbili, na ile ya mbili ndiyo yenye doa la njano walilokuwa wakilinunulia dawa.

Nusu saa baada ya kumaliza, chukua bisibisi ndefu au spoku ya baiskeli uichome ardhini. Palipolowa huzama kwa urahisi, palipo pakavu hugoma. Ikigomea sentimita tatu, hujamwagilia, umenyunyiza.

Usibadilishe kwa siku moja lakini. Nyasi zilizozoea kila siku ukiziachia ghafla siku nne, zitaanguka na mumeo atapata ushahidi. Wiki ya kwanza toa maji siku moja na kuacha moja, kiasi kikubwa kidogo kila mara. Wiki ya pili na ya tatu, acha siku mbili katikati. Ndipo ufikie mara mbili kwa wiki. Mizizi inafuata maji chini polepole, ipe muda huo wa mwezi mmoja. Na wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa limepoa, hata mara moja kwa wiki inatosha katika nyumba nyingi. Wakati wa masika funga koki kabisa. Nimeona mitaa ambayo mvua inanyesha na mpira unaendelea, kwa sababu kijana aliambiwa "kila siku" na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kuhusu kijana. Ukweli ni kwamba vijana wengi wa bustani hawamwagilii nyasi, wanamwagilia macho ya bosi. Bosi anarudi jioni, akikuta majani yanang'aa maji, siku imepita salama. Asubuhi hakuna anayeona. Basi ni wewe unayetakiwa kumwambia wazi kwamba kuanzia sasa hutamuuliza jioni "umemwagilia?", utamuuliza Jumatano "umepima?" Mpe hiyo bisibisi. Kazi yenye kipimo humpa mtu heshima, na utashangaa atakavyokuletea habari za kona ambazo wewe hukuwa na muda nazo.

Saa nzuri ni alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Upepo umetulia, jua halijawa kali, maji yanashuka chini kabla hayajageuka mvuke, na majani yanakauka mapema. Mchana unapoteza maji mengi hewani. Jioni maji hayapotei sana, lakini majani hulala yamelowa usiku mzima kwenye joto letu la pwani, na ukungu hupenda hivyo. Yale madoa ya mviringo, ya kahawia, yenye ukingo unaoonekana wazi, yanayopanuka wiki hadi wiki, mara nyingi ni ugonjwa wa ukungu. Ukiona hayo, kabla hujaenda dukani kuulizia dawa, hamisha kumwagilia kutoka jioni kwenda asubuhi na usubiri wiki tatu. Kama maji ya bomba kwenu huja usiku tu na asubuhi hayapo, yakinge kwenye tangi, au mwagilia alfajiri sana kabla hayajakatika.

Hapo nimegusa jambo la mgao. Tunaoishi Dar hatujasahau Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao ukatangazwa jiji zima. Wakati ule niliulizwa sana kama ni dhambi kumwagilia nyasi. Jibu langu halijabadilika: nyumba ikiwa na watoto na maji ni ya kugawana kwa ndoo, nyasi ni za mwisho kabisa kwenye foleni, baada ya kunywa, kupika, kuoga, choo na kufua. Lakini kuziacha si kuziua. Watu wengi hawajui hili, na ndilo linalowafanya waendelee kumwaga maji kwa hofu.

Nyasi zikikosa maji hulala. Majani yanakuwa ya rangi ya majani makavu, yanachakarika ukikanyaga, na mtu akipita anasema zimekufa. Chini, mashina yale yanayotambaa ardhini bado yako hai. Ukoka ni bingwa wa kulala; una mashina juu ya ardhi na mengine chini ya ardhi, na mvua ya kwanza ya vuli ikishuka, ndani ya siku chache vichipukizi vinatokeza. Zile nyasi za majani mapana tunazoziita nyasi za Pemba hazivumilii kiangazi kama ukoka, kwa sababu hutegemea zaidi mashina manene yanayotambaa juu. Hata hizo ukizipa milimita 10 hivi kila baada ya wiki mbili au tatu, yaani lita 600 kwa eneo lako, mashina hayatakauka, hata kama majani hayatakuwa ya kijani. Usizifufue nusu nusu. Ukizipa maji ya kutosha kuamka, kisha ukaziacha tena wiki tatu, halafu ukaziamsha tena, unamaliza akiba zilizojiwekea. Chagua moja, zilale au ziwe macho.

Ukitaka kujua kama zimelala au zimekufa, shika tawi moja ulivute. Zilizolala hugoma, na ukikwangua shina kwa ukucha utaona weupe au ukijani. Zilizokufa hunyanyuka zote kama mkeka, na shina linavunjika kama njiti.

Wenzetu wa Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni na pwani yote wana shida yao nyingine, ya kisima. Maji hayana bili, kwa hiyo yanamwagwa bila hesabu, lakini yana chumvi. Onja. Kama ulimi unaisikia, nyasi zinaisikia zaidi. Dalili ni ncha za majani kuungua, rangi ya kahawia inayoanzia juu kushuka chini, na wakati mwingine unga mweupe juu ya udongo. Hapa kunyunyiza kidogo kila siku ni kubaya maradufu: maji yanageuka mvuke, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Mwenye maji ya chumvi ndiye hasa anayetakiwa kumwagilia kwa nguvu na kwa nadra, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Mvua za masika nazo huifanya kazi hiyo bure, alimradi ardhi haijashindiliwa mpaka ikawa kama sakafu. Na kama unapanda upya kwenye eneo la namna hiyo, ulizia paspalamu, ile nyasi laini ya asili ya fukwe. Inavumilia chumvi kuliko nyasi nyingi tulizonazo. Ukoka unafuata, si haba.

Maji ya kufulia je? Naulizwa kila mwaka. Maji ya kusuuzia, yale ya pili na ya tatu yenye povu kidogo, yanafaa kabisa kwa nyasi. Yamwage siku hiyo hiyo, sehemu tofauti tofauti, chini karibu na udongo na si kwa kurusha hewani. Maji ya kwanza yenye sabuni nzito, maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yaliyofulia nepi za mtoto, na maji ya kuoshea vyombo yenye mafuta, hayo hapana. Kama una kiyoyozi, yale maji yanayodondoka nje ukutani ni safi na hayana chumvi; weka ndoo. Na paa lako usilidharau. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 tu, linashusha lita 1,000 kasoro kidogo ya zinazopotea. Mvua moja ya jioni inalijaza tangi ambalo watu wananunua boza kulijaza.

Tukate sasa. Kukata kunahusiana na maji kuliko wengi wanavyofikiri. Jani ndilo linalolisha mzizi, ukilinyoa mpaka chini mzizi nao unajifupisha. Tuna tabia ya kukata kipara, tena kwa makusudi, "ili tusikate tena mapema." Nyasi za Pemba ziache na sentimita tano hadi saba. Ukoka na paspalamu sentimita tatu hadi nne. Kila unapokata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, maana yake kama mmesafiri na zimekuwa ndefu sana, zishusheni kwa awamu mbili au tatu, wiki moja moja katikati. Nyasi ndefu kidogo hufunika udongo wenyewe kwa kivuli, na udongo wenye kivuli haukauki haraka. Fyekeo au mashine, inoe. Kisu butu hupasua jani badala ya kulikata, ncha zinakuwa nyeupe na siku ya pili bustani nzima inaonekana kama ina ugonjwa. Vipande vilivyokatwa, kama ni vifupi, viache pale pale vioze; ni mbolea ya bure. Kufagia nyasi kwa ufagio wa chelewa kila asubuhi hadi udongo uonekane ni usafi wa uwanja wa mchanga, hauzifai nyasi hata kidogo.

Mbolea niipitie haraka. Iwekwe wakati wa mvua au wakati una maji ya kutosha, kamwe isiwekwe kwenye nyasi zenye kiu au zilizolala. Kwa urea, gramu 10 kwa mita moja ya mraba zinatosha, yaani gramu 600 kwa eneo lako lote, imwagwe majani yakiwa makavu na umwagilie mara moja. Ukizidisha utachoma, na utazifanya zitake maji zaidi. Samadi ni nzuri ikiwa imeoza sawasawa. Mbichi inakuletea magugu ya zizi zima.

Kuna madoa ya njano ambayo hayahusiani na maji hata kidogo, na ni vizuri uyajue kabla hujalaumu mpira. Mkojo wa mbwa hufanya kiduara kilichokufa katikati, pembeni kimezungukwa na nyasi za kijani kilichokolea. Chini ya mwembe, ukoka utakonda hata ukiumwagilia maziwa, kwa sababu unataka jua. Nyasi za Pemba huvumilia kivuli zaidi, na kama kivuli ni kizito mno, wekeni maua ya kivulini au kokoto na msipigane na mti. Mvua za kwanza zikianza, ukiona ndege wamejaa ghafla kwenye nyasi na majani yanapotea usiku, piga magoti uangalie viwavijeshi. Mwaga ndoo ya maji yenye sabuni kidogo juu ya eneo dogo. Kama wapo watapanda juu ndani ya dakika chache. Na palipokanyagwa sana, njia ya mkato kutoka getini hadi mlango wa jikoni, hakuna dawa. Watu wameshaamua ile ni njia. Weka mawe ya kukanyagia.

Nimefika kwenye vitofali, na sitaki mumeo aone nimemsengenya. Vitofali vina mahali pake. Panapopita gari, panapofuliwa, mbele ya mlango ambapo matope yanaingia ndani, viwekwe. Lakini kiwanja kizima cha vitofali kwenye jua la Dar kina bei ambayo haimo kwenye makadirio ya fundi. Saa nane mchana hakikanyagiki kwa miguu mitupu, na usiku kinaendelea kutoa joto lile lile karibu na madirisha ya vyumba, kwa hiyo kilichookolewa kwenye bili ya maji kinaweza kulipwa kwenye umeme wa feni na kiyoyozi. Mvua ya masika iliyokuwa inazama kwenye nyasi sasa inatafuta pa kwenda, na kwa kawaida inakwenda kwa jirani wa chini, ambaye atakuja kubisha hodi. Na mtoto akianguka, ameanguka kwenye zege. Vipo vitofali vyenye matundu ambavyo nyasi huota katikati. Mpeleke mumeo akavione kwa ajili ya pale anapoegesha gari, huenda hapo ndipo mtakapokutana. Kama eneo lenu la nyasi ni kubwa kuliko uwezo wenu wa maji, lipunguzeni. Mita za mraba 30 zenye afya zinawatosha watoto wawili na mpira wa miguu kuliko 60 zenye madoa.

Wasomaji wa mikoani msinifuatie tarehe zangu. Dodoma mnapata kama nusu ya mvua ya Dar, tena kwa msimu mmoja, na miezi mingi hakuna hata tone. Huko kulaza nyasi kuanzia katikati ya mwaka ndio utaratibu wa akili, na asiwepo wa kuwacheka. Arusha, Iringa na Mbeya, kwenye nyasi za kikuyu na udongo mzito, kumwagilia mara moja kwa wiki kunaweza kuzidi wakati wa baridi. Udongo wa mfinyanzi popote ulipo haumezi maji haraka: ukiona yanaanza kutiririka kwenda barabarani, simamisha, subiri nusu saa, endelea. Wa Unguja ambao chini ya sentimita chache za udongo kuna jiwe la matumbawe, hamna pa kupeleka mzizi. Ongezeni udongo na mboji kwanza, kisha mzungumzie maji.

Nikurudie wewe wa Tabata, kwenye zile sehemu zilizokwisha kufa kweli. Usinunue nyasi mpya sasa hivi wakati wa jua. Subiri mvua za vuli zianze. Hapo lainisha udongo kwa jembe dogo, changanya mboji, kisha ng'oa vipande vyenye mizizi kutoka kona zako zenye afya na uvichomeke hatua ya kiganja kimoja kimoja. Usiviache juani hata saa moja kabla ya kupanda, vifunike kwa gunia lililolowa. Ukishapanda, kanyaga taratibu ili mizizi igusane na udongo, na watoto wahamie upande wa pili kwa wiki tatu. Siku 10 za kwanza za vipande hivyo, mvua isiponyesha, mwambie kijana amwagilie kidogo kila siku, asubuhi. Hapo ndipo pekee ninapokubali mpira wa kila siku, kwa sababu bado havijawa na mizizi ya kufuata maji chini.